Manowari Zako Ninazo Mimi

Severini, mtani wangu,

Najua ungetaka uisikie kwangu kabla wambeya hawajafika huko: manowari zako ninazo mimi. Sita zimekaa chumbani kwangu hapa Ifakara miezi hii yote, na mwenyewe nalala sebuleni kwenye mkeka. Ya saba sikuiwahi.

Ngoja nikueleze, maana siku hiyo wewe ulikuwa umelala tu. Msiba wako uliangukia katikati ya masika. Kuni zote zimelowa, kina mama wanapuliza moshi, machozi yanawatoka hata kabla ya kukulilia. Mdogo wako Kosmas, aliyekuja kutoka Malinyi, akaingia chumbani kwako akatoka na ile meli ndefu ya mbao ya mninga. Akaipasua kwa shoka. Akasema vidude hivi havina kazi, acha viivishe wali wa watu. Mizinga yake, ile uliyoitengeneza kwa spoku za baiskeli, niliikuta kwenye majivu.

Ningemwambia nini Kosmas? Nimweleze kwamba miaka yote ile katika karakana ya kiwanda cha sukari, mimi nachomelea vyuma na wewe unaranda mbao, ulikuwa na kitabu alichokuachia injinia mmoja Mzungu? Kwamba humo ulichagua meli za vita ambazo wenyewe walizichora wakaghairi kuziunda, ukazipima kwa rula, kila mita mbili sentimita moja, mtu ambaye bahari hujawahi kuiona? Siku moja nilikuuliza kwa nini usitengeneze zile zilizoundwa kweli, zenye sifa. Hukuinua hata macho. Ulisema, "Zile zimeshaua watu, Mngoni. Hizi hazijamkosea mtu." Nikakucheka wiki nzima.

Basi nikafanya ninachoruhusiwa. Nilivaa kofia yako na aproni yako, nikajilaza mlangoni, nikasema maiti ya Mpogoro haitoki hapa mpaka nipewe meli zake, maana babu zake waliwakimbia babu zangu bila kuacha hata kuku. Watu wakaangua kicheko. Kosmas alinuna, lakini nani anaweza kumnyima mtani msibani? Tulipotoka makaburini nikazifunga kwenye baiskeli, safari mbili, huku nakutukana njia nzima kama inavyotakiwa. Nilikutukana vizuri, Severini, uliza mtu yeyote. Na sikulia, maana mtani halii.

Tangu hapo mambo yamebadilika. Mpunga umevunwa. Barabarani kuna bendera za vyama vya kila rangi, na vijana wanagombana vijiweni kwa ajili yake. Kosmas amerudi Malinyi, tena kwa amani. Alimwomba shemeji, mkeo, radhi kwa habari ya ile meli, hakujua. Kwa hiyo hakuna tena wa kuzipasua, na mimi sina kisingizio cha kuendelea kukaa nazo.

Baada ya misa ya arobaini shemeji alikuja na kuku wa kuzikombolea, kama desturi ilivyo. Nikamwambia kuku huyo mdogo. Akacheka, akaondoka. Akarudi na jogoo. Nikasema jogoo ana chongo. Majirani wakaniona mlafi, na mimi nikaona afadhali waone hivyo. Jana akaja binti yako Yustina na kuku yuleyule wa kwanza, sasa amenenepa. Akanipa shikamoo, akapiga goti, akanikabidhi kuku, halafu akaniuliza taratibu, "Baba mdogo, kwani zikirudi nyumbani utaumia?"

Nikalia, Severini. Mngoni mzima, mbele ya mtoto, kuku mkononi. Ungeniona ungecheka mpaka ukohoe.

Ndivyo ilivyo, lakini. Mtani akishapokea kuku, utani umekwisha na msiba umekwisha. Zilipokuwa kwangu nilikuwa bado nakuchokoza, bado zamu ni yako kunijibu. Kila asubuhi nilikuwa nazifuta vumbi na kuziambia, "Mwenyewe wenu ni mwoga." Halafu nasikiliza. Ulikuwa hukosi jibu wewe. Ungesema Mngoni nyamaza, ulipofika hapa ulikuwa hata mchele huujui.

Kuku nimempokea. Kamba nimeshazifunga, tatu za kwanza ziko kwenye keria ya baiskeli, nimezizungushia blanketi langu zisikwaruzane. Yustina amesafisha kabati, ananisubiri. Nikishazishusha pale kwenu, utakuwa umekufa kweli, na mimi nitakuwa mtu aliyefiwa, kama wengine wote.

Nilikupenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja. Nalisema sasa kwa sababu huwezi kunicheka.

Lala salama, Mpogoro wangu. Naahidi sitageuza baiskeli njiani.

Gaudensi