Mpaka Lori Linalofuata

Jumatatu, 3 Juni 1974
Bwawani tena saa kumi na mbili asubuhi. Maji baridi, vyura wengi. Nimevuka mara nne bila kushika ukingo. Jana ilikuwa tatu! Mwalimu Nekesa, anayetufundisha michezo, ameandika muda wangu kwenye daftari lake. Siku ya shindano, baada ya kuogelea ni baiskeli, kisha mbio hadi shuleni, bila kupumzika katikati. Hakuna shule nyingine hapa Malaba inayofanya hivi. Nimefurahi hata nimesahau uji. Zimebaki siku kumi na tisa.

Jumatano, 5 Juni
Rose amejitoa. Awino pia, mama yake amesema msichana hapandi baiskeli mbele za watu. Nimebaki peke yangu na wavulana wanane. Mwalimu mkuu ametangaza paredini: asipopatikana msichana wa kumaliza, mwaka kesho ni wavulana tu. Simchukii. Lakini nimekasirika.

Ijumaa, 7 Juni
Baiskeli ni ya Mjomba Wandera. Kazi yake ni kubeba watu kutoka forodha yetu hadi ya Uganda, akiita "boda, boda". Ananiachia alfajiri tu, na hataki kukiondoa kiti cha sponji cha abiria. Nzito kama ng'ombe. Leo niliendesha vizuri, nikailaza majanini, nikaanza kukimbia. Miguu haikuwa yangu. Nilikaa chini kando ya malori yaliyoegeshwa barabarani, nikalia. Basi.

Jumanne, 11 Juni
Nimeshindwa tena, mahali palepale. Malori yanayongoja karatasi za forodha yamepanga mstari hadi karibu na shule. Dereva mmoja, Mzee Abdi, ana siku nne hapo, anapika chai kando ya lori lake.
"Dada, aliyekuwa anakufukuza amesharudi nyumbani," aliniambia. Wenzake walicheka. Nilimweleza kwa adabu kwamba shule iko mbali mno. Akanimiminia chai.
"Mimi nikitoka Mombasa siendi Kampala," alisema. "Nikiwaza Kampala nitalala Voi. Naenda mpaka pale ninapopaona."
Nimeyaandika nisisahau.

Jumatatu, 17 Juni
Lori moja. Kisha lori moja. Sijasimama! Malori thelathini na mawili, na kila moja nililiambia, wewe tu. Madereva wamenizoea, wananihesabia kwa sauti. Mzee Abdi amesema lori lake likikwama nitashika usukani, yeye asukume. Nilicheka nikakaribia kupoteza pumzi.

Ijumaa, 21 Juni
Forodha imeyaruhusu malori yote mchana huu. Yameondoka. Barabara tupu hadi langoni. Kesho nitakimbilia nini?

Jumamosi, 22 Juni
Nimemaliza!
Majini nilitoka wa tatu. Kwenye baiskeli walinipita wote, wakikicheka kiti cha sponji. Nikashuka wa mwisho. Hatua chache, miguu ikakataa palepale pa siku zote. Nikainama. Hapo chini nikaona doa jeusi la oili. Mbele yake, doa jingine. Kila lori lilikuwa limeacha la kwake! Doa moja. Kisha doa moja. Niliwapita wavulana watatu, wawili wao wakitembea. Madoa yaliisha kabla ya lango, hakukuwa na alama yoyote tena. Nikasema, mguu huu tu. Kisha huu.
Wa sita. Mwalimu Nekesa alilia kuliko mimi. Mwalimu mkuu alinipa mkono. "Mwaka kesho walete wenzako," alisema.

Jumapili, 23 Juni
Baada ya kanisa, Awino aliniuliza kama maji ya bwawa ni baridi sana. Nilimwambia ukweli. Atakuja kesho.
Nilipita barabarani peke yangu. Mahali pa lori la Mzee Abdi pana majivu, mawe matatu ya kupikia chai, na doa. Nilitaka ajue. Nilisimama hapo kidogo. Kisha nikaenda mpaka doa linalofuata, polepole, kwa kutembea.