Neno Moja Tu, Upande Gani

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti limeacha ukaidi. Mimi sijambo. Bado napima macho ya watu kutwa nzima.

Umeandika kwamba miaka mitatu tangu mama azikwe ni mingi mno kukaa bila kuja. Kweli ni mingi. Ningekuja mwezi huu, ila nimenunua gari la umeme, na likifika kwako betri itakuwa hoi. Njia nzima hakuna pa kuchajia, na hapo nyumbani hakuna kitu cha kulijaza ili nirudi kazini. Nivumilie kidogo.

Binti yako


11 Februari

Mshika Tochi wangu,

Marahaba. Goti bado lina kiburi, lakini mwenyewe nipo. Masikio ndiyo yamekwisha, yameliwa na majenereta. Simu siitaki. Nitaitikia "ndiyo, ndiyo" kwa kila kitu, mwisho uniuzie nyumba.

Sasa wewe unamwambia fundi umeme wa miaka arobaini kwamba kwake hakuna umeme? Nitakufungia chaja ukutani, karibu na mlango wa jikoni. Nimeshakwenda dukani mara mbili. Soketi ya kawaida siitaki, maana gari litakaa hapo siku nzima na zaidi na waya utachemka. Zipo nyingine zinataka intaneti na nywila, lakini mimi siwezi kubishana na ukuta wangu mwenyewe. Nimeipenda moja ya kilowati saba, haina mbwembwe, ina kebo yake. Nitaivutia waya wake peke yake kutoka boksi kuu.

Swali moja tu. Kebo ni mita tano, na uwanja wetu unaujua ulivyo mwembamba. Gari lako linachomekwa upande gani, kushoto au kulia? Nijibu nijue pa kutoboa.

Baba yako


19 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Samahani nimechelewa kujibu. Mwenzangu wa hapa duka la miwani kajifungua, kwa hiyo kazi ya watu wawili naifanya mimi. Habari ya goti?

Nimecheka hiyo ya ukuta hadi mteja akaniuliza kuna nini. Gari ni jeupe, na halina sauti kabisa, utalipenda. Lakini usijisumbue kupanda ngazi, Baba. Labda mwezi wa tano nitapata nafasi, tuone.

Binti yako


26 Machi

Mshika Tochi,

Marahaba. Goti nimeacha kuliuliza. Mpe hongera mwenzako.

Rangi nimeijua, asante. Unapima macho ya watu, lakini barua ya baba yako unairuka mistari! Upande gani?

Chaja nimeshainunua. Boksi lake liko mezani, nakula nalo chakula. Dukani walisema ipo pia yenye kebo ndefu, lakini hadi iletwe ni miezi minne, nami sina miezi minne ya kuchezea. Na siwezi kubahatisha, kwa sababu ukuta ule mama yako aliupaka rangi kwa mkono wake, siutoboi mara mbili.

Waya nimeshaufikisha mlangoni. Jirani yetu mshonaji alinishikia ngazi na tochi. Anashika vizuri, ila haniulizi "na huu waya ni wa nini?" kama wewe ulipokuwa na miaka saba.

Baba yako


29 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mama mshonaji amenipigia simu. Anasema umekonda sana na hospitali umekwenda mara mbili. Mbona mimi hujaniambia? Unakula?

Mwezi wa tano umeshindikana. Nasogeza hadi wa saba, nisamehe.

Binti yako


6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sijakonda, ni suruali zimekua. Dawa nakunywa.

Najua tatizo si gari. Ulifika mama yako ameshazikwa, ukalia pale jikoni, ukaondoka, na tangu siku ile unaiogopa nyumba hii. Hapa hakuna anayekulaumu. Hata yeye asingekulaumu, kabla hajafa alisema tu, akija mwekeeni kitanda chake karibu na dirisha.

Niambie kushoto au kulia. Neno moja linanitosha.

Baba yako


2 Juni

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mezani kwako, na boksi lako liko mbele yangu, bado limefungwa.

Mama mshonaji alinipigia Jumanne asubuhi. Nimekuja na gari hilohilo. Limefika na asilimia nane ya betri. Limefika, Baba. Lingefika siku yoyote ile. Safari hii nimewahi mazishi, nami nimerusha udongo kwa mkono wangu.

Jana, watu walipoondoka, nilitoka nikautazama ukuta. Waya umeuacha juu ya mlango, umekunjwa vizuri, unatosha kwenda huku au kule. Umechora duara mbili kwa penseli, moja kushoto, moja kulia. Kwenye kila moja umeandika: "Hapa?"

Swali lako nililiona tangu barua ya kwanza. Sikuruka mistari. Nilijua nikikujibu utafunga chaja kesho yake, na mimi sitabaki na kisingizio. Nilikuwa naogopa kiti cha mama kitupu. Sasa viko viwili.

Leo asubuhi fundi mwenzako, yule mliyefanya naye kazi kiwandani, amekuja na drili. Anasema kazi yako haiwezi kubaki nusu, na gari langu haliwezi kutoka hapa bila umeme. Nilikuwa nimemshikia tochi kwa mazoea, ingawa jua lilikuwa limeshatoka. Amepanda ngazi, amezitazama zile duara, kisha akageuka: "Haya binti, nitoboe upande gani?"

Nililia mpaka akashuka, akaiweka drili chini. Bado ananingoja hapo nje. Nimemwomba anisubiri niandike kwanza, kwa sababu aliyeuliza mwanzo ni wewe.

Kushoto, Baba. Ni kushoto.

Mshika Tochi wako