Kaseti Uliyomtumia Abibu

Kasungami, Lubumbashi, Machi 1981

Kwa Yaya Alimasi, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya Liège haijakurudishia kile kikohozi. Sisi tuko, tunamshukuru Mungu. Baba bado anashona kofia, ingawa wateja wamepungua.

Uliuliza kama kaseti ilifika. Ilifika kabla ya Ramadhani. Mdogo wetu Abibu aliisikiliza mpaka betri za redio zikaisha, akachukua zile za tochi ya Mama. Uliandika kwamba muziki wa kaseti hiyo ulianzishwa na vijana wa New York na London waliochoka na nyimbo ndefu za mabingwa wa gitaa, na kwamba wengine wakaurudishia utamu wa nyimbo za mapenzi za zamani. Hayo aliyasimulia mtaa mzima.

Mwanzoni nilisikia fujo tu: gitaa linakwaruza, ngoma zinakimbia kama zinafukuzwa. Kisha siku moja nikifua nguo nikajikuta naimba. Juu ya zile kelele kuna sauti nyepesi, karibu ya kitoto, inayolalamikia msichana asiyejibu, na hujaizoea wimbo umekwisha. Abibu alisema rumba inakungojesha sebene, gitaa la kurukia mwishoni, lakini hii inaanza na sebene yenyewe.

Akamtafuta Mulenga, jirani yetu anayepiga ngoma kanisani, nami wakanitaka niimbe. Tukatunga wimbo kwa Kiswahili chetu, juu ya kijana aliyeomba kazi mgodini mpaka ndevu zikaota mvi. Tuliupiga kwenye harusi hapa kwetu Annexe. Watu waliruka mpaka vumbi likafunika meza za chakula, na bibi harusi mwenyewe akavua viatu. Yaya, sijawahi kufurahi vile.

Kesho yake walikuja wanaume wasiojitambulisha. Walimwuliza Abibu nani alimfundisha muziki wa wazungu, na kwa nini anawachochea watu kuhusu kazi. Abibu akawajibu, "Iko wimbo tu, ba papa. Bantu banacheza." Wakamchukua pamoja na gitaa. Mulenga alikimbilia Zambia, na mama yake hajapata habari zake mpaka leo.

Baba alikuandikia kwamba Abibu amerudi na ni mzima. Ni kweli amerudi. Lakini hakukwambia yote, nami siwezi tena kukuficha: walimpiga masikioni. Daktari alimtazama, akasema hakuna la kufanya. Abibu hasikii, Yaya, sikio la kulia wala la kushoto. Mama husahau, humsemesha akiwa amempa mgongo. Yeye hukaa uani mchana kutwa. Akiona mdomo wangu unatikisika jikoni, huuliza kama naimba. Namtikisia kichwa, hapana.

Nakuomba usitume kaseti nyingine. Wala usijilaumu, hakuna anayekulaumu hapa.

Baba na Mama wanakusalimu, shangazi Habiba pia. Mungu akulinde huko ugenini. Ukijaliwa kuja, usimwite Abibu kutoka mlangoni. Zunguka, usimame mbele yake.

Ni mimi mdogo wako,
Mwajuma