Goli Linaanzia kwa Kipa

Kaka Idi,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini sijazoea kuanza kuzungumza nawe bila hiyo.

Timu yako ya mabinti ipo. Nimeishika mimi, mdogo wako, yule uliyekuwa ukimtuma afue jezi zako. Cheka tu. Kila Jumamosi nikitoka zamu ya kulea wazee naendesha hadi uwanjani Bowie, filimbi yako shingoni.

Kaka, tusidanganyane, enzi zako ulikuwa mchoyo wa mpira. Dar nzima ilijua. Hata ulipokwenda Muscat kucheza kwa mshahara, waliorudi walituletea habari zilezile: Idi anafunga, ila pasi hatoi. Kisha goti likaharibika, ukakaa benchi msimu mzima ukitazama wenzako. Siku moja, tukiwa tayari huku Marekani, tunakunywa chai kwako College Park, ukaniambia polepole, kama mtu aliyeona ajabu, "Mdogo wangu, kumbe goli linaanzia kwa kipa." Nikadhani unatania.

Ulipoanza kufundisha ukaweka sharti: aliyefunga hakimbilii mashabiki, anakwenda kumshukuru aliyempa pasi. Wewe, Idi! Nilipokuona unawafokea wasichana kwa hilo nilibaki mdomo wazi. Sikujua mtu mzima anaweza kugeuka hivyo.

Sasa nikupe habari yenyewe. Tangu tukuzike, binti yako Zuhura, kipa wetu, hakugusa glavu. Mazoezini alikuja, lakini alibaki ndani ya gari, kioo kimepandishwa. Hakulia. Hakusema. Hata kile Kiingereza chake anachonijibia kila siku kilikwisha. Mimi na mama yake tulikuwa tunampoteza huku tunamwona, kaka, na niliogopa kuliko nilivyoogopa siku uliyofariki.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na mechi. Nikawaomba wenzake mmoja akae golini, wakagoma wote. Glavu zina mwenyewe, walisema. Refa akanipa dakika chache, la sivyo tuondoke. Nikaenda kumwambia refa basi, tunaondoka. Hapo nikasikia mlango wa gari.

Zuhura akapita mbele yangu bila kuniangalia, akazivaa glavu.

Mchezo ulikuwa mgumu. Karibu na mwisho, bado hakuna aliyefunga, Zuhura akadaka shuti, akamtupia beki, beki akampa kiungo, kiungo akampenyezea Wanjiku, yule binti wa nesi wa Kikenya, naye akafunga. Niliruka kama kichaa. Wanjiku akamkimbilia kiungo, kama ulivyowafunza. Lakini hawakuishia hapo. Wakashikana mikono wakamfuata beki, halafu wote watatu wakatimua mbio uwanja mzima hadi golini kwetu, kwa mwanao. Refa anapuliza filimbi warudi, hawasikii. Hilo hukuwafundisha. Walilimalizia wenyewe.

Zuhura akalia palepale katikati yao, kwa sauti, nami nikamshukuru Mungu kwa kilio kile.

Pumzika sasa, kaka yangu. Mola akupokee kwa upole, nawe usiwe mchoyo huko. Filimbi nitaitunza, na mwanao hatabaki peke yake ndani ya gari maadamu nina miguu.

Leo ni Jumamosi tena. Amenipigia simu alfajiri, kwa Kiswahili: "Shangazi, tunaondoka saa ngapi?"

Naenda kumchukua.

Mdogo wako,
Mwajuma