Kimto Kwenye Keria ya Baiskeli

Baba Najma,

Chai imo kwenye chupa, viazi nimevifunika na sahani. Najma keshaenda shule. Alamu ya simu yako nimeizima mie. Baiskeli usiitafute, nimeondoka nayo.

Leo alfajiri nilisema niifute vumbi, maana wiki ya pili hii unaiendea kazini Buguruni, na mie najisifia kwa majirani kwamba mume wangu anapunguza kitambi. Ndiyo nikakiona kimto kwenye keria, kimeshonwa kwa mkono, pembeni kina marinda. Nikakuamsha nikakuuliza. Ukasema, macho umefumba, ni cha kuwekea hotpoti ya chakula isigongwegongwe. Ukageukia ukutani, ukaendelea kulala.

Haya. Nikarudi uani, nikainama vizuri. Chini, pembeni mwa tairi la nyuma, kuna vyuma viwili vipya vya kukanyagia mtu aliyepakiwa. Hotpoti yangu haina miguu, Baba Najma.

~~Jioni usile hapa, kale kwa huyo fundi wako wa marinda.~~ Samaki wa jioni wamo kwenye friji. Wakaange mwenyewe, na ugali usonge.

Napita njia yako ileile, saa yako ileile, na kofia yako nimeivaa. Atakayenyoosha mkono akidhani ni wewe, nitasimama, nitampakia kwenye kimto chake, anielekeze anaposhukiaga.

Mama Najma