Mtungi Mmoja wa Hewa

Tunduma

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute umekaa, si umelala, maana Dada Zuhura aliniambia mgongo umekushika tena. Unapata nafuu? Mvua imeshafika huko Kondoa? Mimi mwili ni mzima. Nakuandikia kwa sababu kila ukinipigia simu na kuniuliza, "Mwanangu, una nini?", nakata nikisingizia mtandao.

Unajua kituo chetu cha zimamoto ni kidogo. Gari kubwa la maji ni moja. Lile dogo lilikwenda Mkwajuni likaharibika gia, na mpaka leo liko kwa fundi. Mitungi ya hewa, ile tunayobeba mgongoni ili tusivute moshi, ilikuwa miwili. Mmoja koki yake ikaanza kuvuja, tukabaki na mmoja. Tuliomba mwingine, tukaambiwa tusubiri.

Tukiwa tunasubiri, ghala la magodoro karibu na mpaka likashika moto mchana. Malori ya kwenda Zambia yalikuwa yamejaza barabara. Mkuu wetu wa zamu, Kaka Sichone, alishuka akawa anakimbia mbele ya gari, akiwagongea madereva milango wasogee. Tulipofika, wafanyabiashara wa ng'ambo wanapiga kelele, "Umulilo! Umulilo!", ndiyo moto kwa Kibemba, na watu wetu wanatutukana kwa kuchelewa. Moshi wa magodoro, mama, ni mweusi na mzito. Ukiuvuta kidogo tu unaanguka. Na chumba cha juu alikuwamo dada mmoja muuzaji, Atupele.

Sichone alichukua ule mtungi akanivisha mimi.

"Afande, vaa wewe," nikamwambia.

"Ngazi imeshaungua, mimi haitanibeba. Wewe mwepesi. Panda, niko nyuma yako na mpira wa maji."

Nikapanda. Nilipapasa sakafuni mpaka nikamgusa Atupele, nikamburuta hadi penye ngazi. Hapo hapo maji yakakatika. Tangi limekwisha, na bomba la barabarani tulilounganisha halikutoa hata tone. Moto ukatuinukia upya. Kumteremsha peke yangu nikashindwa. Mara namwona Sichone anapanda, kitambaa kibichi puani, ngazi inalia chini yake. Akashika miguu, mimi mabega, tukatoka. Nje watu wakaturushia mawe, kioo cha gari kikapasuka. "Zimamoto gani hamna maji!" Sichone alipiga magoti kando ya tairi, akakohoa, kisha akalala chini.

Atupele alipona, amerudi kwao Isongole. Sichone bado yuko hospitali Mbeya. Daktari anasema mapafu yameungua, kazi hii hataiweza tena.

Nilipokwenda kumwona, nilimkuta mkewe kwenye benchi kando ya kitanda.

"Wewe ndiye uliyevaa mtungi?"

"Ndiyo, wifi."

Alinitazama sana. Nilijua atanifukuza, na angenifukuza ningeondoka bila neno. Akasogea.

"Kaa. Uji wake unapoa, mnyweshe wewe."

Nikamnywesha kwa kijiko. Anasema neno moja, anapumzika, anatafuta pumzi ya neno la pili. "Mtungi... umeletwa?" Nikamwambia bado. Akafumba macho.

Niliporudi nilimwambia mkuu wa kituo sipandi tena lile gari mpaka mitungi ije. Hakunigombeza. Jana simu ikalia: nyumba inaungua Ihanda, watoto wamo ndani. Wenzangu wote wakanigeukia. Mama, nilipanda. Tulipofika majirani walikuwa wameshawatoa watoto, Alhamdulillahi, tukazima paa tu. Lakini kurudi kituoni nilishindwa kuvua buti, nikalala nazo miguuni.

Nisalimie Dada Zuhura anayekukanda mgongo, Mjomba Idi wa buchani, na Mama Mdogo Rehema, mwambie nguo nzito alizonifumia nazivaa kila siku, Tunduma baridi haina huruma. Wakikuuliza kazi yangu, usiwafiche: waambie bado napanda gari, na ninaogopa.

Na ukisimama kuswali, mtaje Sichone kwa jina, ingawa si wa dini yetu. Anaitwa Yohana.

Mwanao,
Mwajabu