Mwiko wa Mama Rukia

Mtongwe, Jumatano. Mvua ya asubuhi imepita, jua limerudi bila haraka, na bati la jikoni bado linadondosha maji. Leo kifua kimenihurumia. Ninaandika nikiwa nimeegemea mito miwili badala ya mitatu.

Daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi. Aliniambia nije tu nitakapojisikia. Nimefundisha fizikia sekondari maisha yangu yote; jibu nalijua hata lisipoandikwa.

Kwa hiyo niseme.

Huku Likoni huniita Mwalimu Sikio. Sifa yangu ni kwamba nasikia ugonjwa wa injini. Mtu akiniletea pikipiki inayolia, nilikuwa nikiiingiza uani, nafunga mlango, na mwenyewe namwacha barazani na kahawa. Baadaye naitoa imetulia. Wengine waliapa kwamba naisomea dua. Niliwaacha waape.

Aliyekuwa akiitengeneza ni mke wangu, Mwanakombo.

Baba yake alikuwa fundi, hakujaliwa mtoto wa kiume, akamfundisha yeye. Mimi najua kuichora injini ubaoni, kila mshale mahali pake. Nikishika spana, naharibu nati.

Hilo peke yake lingekuwa utani wa nyumbani. Lakini mwaka ambao binti yetu Rukia alianza shule, Mwanakombo aliniomba tuweke kibao mlango wa mbele, afanye kazi yake waziwazi. Nilimwambia, "Watu watasema nini?" Akaweka kikombe chini, akaenda kukuna nazi. Hakuniomba tena.

Watu hawakusema kitu. Mimi ndiye niliyesema.

Sasa pikipiki yangu mwenyewe, iliyo na umri kumshinda Rukia, imekuwa ikilia kila ikiwashwa, kama mtu anayetikisa njugu ndani ya kopo. Mwezi uliopita Mwanakombo aliweka kichwa cha mwiko wa mbao kwenye injini na ncha ya mpini sikioni mwake. Ndivyo anavyosikiliza tangu ujana wetu. Akasema tenshena imechoka, kile kidude kinachoikaza cheni ya taimingi, cheni ya ndani ya injini, isilegee. Nikampigia simu Saidi anitafutie nyingine. Saidi nilimsomesha, siku hizi ana mvi na gereji yake karibu na feri. Aliingia kwenye ufundi kwa sababu ya sifa zangu. Hilo nalo linanikaa kifuani.

Leo ameileta. Akaniamkia, akaitazama miguu yangu iliyovimba, akasema, "Mwalimu, wewe tulia. Leo nitaifunga mimi."

Ningekubali, mambo yangeishia hapo. Saidi angeifunga, nami ningezikwa na jina langu.

Nikamwambia aingie uani.

Alibisha hodi kwa haya, maana miaka yote hiyo hakuwahi kuvuka mlango ule. Mwanakombo alikuwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Nikasema, "Saidi, fundi ni huyo. Alikuwa huyo siku zote. Mimi sijawahi kutengeneza hata moja."

Saidi akacheka. Alidhani namtania.

Mwanakombo aliweka nazi chini. Kisha akafuta mikono kwa leso. "Umeleta na gasketi yake?"

Kicheko kikamkauka.

Akaisogeza ile mbuzi kando ya injini, akaikalia. Kimo chake ni sawasawa na kazi, na wala si bahati. Miguu ya mbuzi aliifupisha mwenyewe zamani. Akafungua bolti mbili, akatoa tenshena ya zamani. Meno yake yalikuwa yamelika, laini kama kipande cha sabuni kinachokaribia kwisha. Saidi, kwa kutaka kuwa na kazi, akaweka mguu kwenye kiki azungushe injini kidogo.

"Toa mguu!" Nilikuwa sijaisikia sauti hiyo miaka mingi. "Cheni imelegea. Ikiruka jino, valvu zote utaninyooshea wewe? Nani alikufundisha?"

"Mwalimu."

"Ndiyo maana."

Nilicheka mpaka kifua kikanishika, ikabidi nikae kizingitini.

Akaisukuma ndani ncha ya ile mpya, akaibana isichomoke, akaipachika na gasketi yake ya kuzuia oili isivuje. Alipoiachia, springi ilisema "tak", basi. Akaizungusha injini kwa mkono, taratibu, mara mbili. Ndipo akampa Saidi ruhusa ya kiki.

Ikawaka. Njugu hazikuwamo tena. Mwanakombo aliweka mwiko, akasikiliza, halafu akampa Saidi asikilize. Mtu mzima yule alichutama na mwiko sikioni.

"Mama," akasema hatimaye, "kuna injini pale kwangu imenishinda. Kesho asubuhi nikuletee tuktuk ikuchukue hadi gereji?"

Nikawahi kujibu. "Nenda, Mama Rukia. Nenda tu."

"Kwani nimekuuliza wewe?"

Akamgeukia Saidi. "Saa tatu. Usichelewe."

Saidi alipoondoka nilimwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno wiki nzima, yakatoka matatu tu. Alikuwa ameirudisha mbuzi mahali pake, ameshika nazi ya pili. Hakuacha kukuna.

"Nimekusikia," akasema. "Kunywa dawa yako."

Sijui kama hiyo ni radhi. Sitamuuliza mara ya pili. Sina haki ya kumharakisha aliyengoja muda huu wote.

Ninapoandika haya ni alasiri. Namsikia chumbani akisogeza masanduku, anatafuta viatu vya kufunga. Amelalamika kwamba ndara haziingii gereji.

Kesho, nikijaaliwa, nitaomba nitolewe barazani mapema. Atapita jirani, kama kawaida, aulize Mama Rukia yuko wapi mbona kimya. Jibu ninalo tayari.

Ameenda kazini.